Vespa ya zamani iliyolala stoo: namna ya kuiwasha na kuiendesha bila kuiua injini

Wengi wakikuta vespa ya kizee stoo wanafuta vumbi, wanatia petroli, halafu ni kiki kiki kiki mpaka jasho linawatoka, na hapo hapo ndipo wanapoiharibu. Mie mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Vespa ya ami yangu, Super ya 150, ilikaa miaka tisa kwenye kibanda nyuma ya nyumba hapa Unguja, imefunikwa gunia, kuku wameshataga juu ya siti, na siku niliyoitoa nilikuwa na haraka kama naenda kuwahi boti. Kiki ya kwanza ngumu, ya pili ngumu, ya tatu nikaipanda kwa uzito wangu wote, ikasikika krrrk, ikalegea. Nikafurahi! Kumbe kutu iliyokuwa ndani ya silinda ndiyo imechana ukuta na ringi moja imekatika vipande. Silinda ikabidi ikachongwe upya na pistoni ya ovasaizi juu yake, na hela niliyotoa sitaitaja hapa maana mke wangu anasoma.

Kwa hiyo nayaandika haya kwa yule mwenye vespa ya ami yake, au ya babu, au kaibahatisha kwa mtu bei poa. Nazungumzia hizi za chuma zenye tuu-stroki na pointi (vibamba viwili vinavyofunga na kufungua karenti ya cheche), Super, Sprint na jamaa zao. PX za mwanzo nazo karibu mule mule, zile zenye CDI (cheche za elektroniki zisizo na pointi) utaruka tu sehemu ya pointi.

Kwanza elewa kitu kimoja kuhusu tuu-stroki, ukikielewa hiki nusu ya kazi imekwisha. Injini ya gari ina oili yake chini kwenye sampu na pampu ya kuipandisha. Tuu-stroki haina. Petroli inapoingia haiendi moja kwa moja juu ya pistoni, inapita kwanza chini kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ndiyo inapanda juu kuungua, na oili uliyochanganya kwenye petroli ndiyo inayolainisha beringi za krenki, pini ya pistoni na ukuta wa silinda njiani humo. Hakuna oili nyingine inayofika huko. Ile oili ya gia iko chumba chake mbali. Maana yake ukitia petroli tupu, hata ukaendesha kidogo tu, umeiendesha injini kavu.

Haya sasa, tuanze na vespa iliyolala. Usiiguse kiki. Fungua kifuniko cha ubavu wa kulia ndio penye injini, toa plagi kwa spana ya plagi namba 21, tia ndani ya tundu kijiko kimoja kikubwa cha oili ya 2T, yaani ya injini za tuu-stroki, ukichanganya na dizeli kidogo, uiache ilale mpaka asubuhi. Ikiwa imekaa miaka mingi ilaze hata siku tatu na kila siku uongeze kidogo. Halafu bado usipige kiki, bonyeza kwa mkono taratibu usikilize. Inazunguka? Alhamdulillah. Haizunguki? Tia gia ya nne, shika usukani, isukume mbele na nyuma nusu hatua nusu hatua kama unambembeleza mtoto. Gia ya nne inakupa nguvu ya kuizungusha pole pole na meno ya kiki yanapona. Ikigoma kabisa, hiyo ni kazi ya kufungua hedi uangalie kuna nini, usimwite kijana mwenye miguu mikubwa.

Na ikishazunguka huru angalia klachi. Vespa iliyolala sahani zake za klachi zinagandana, utatia gia ya pili ukavuta klachi bado tairi la nyuma limekaza. Isukume mbele nyuma huku umeivuta klachi, zinabanduka zenyewe. Nyingi hubanduka, yangu ilibanduka kwa kishindo majirani wakatoka nje.

Oili ya gia ni robo lita, mililita 250, SAE 30 ya kawaida isiyo na mbwembwe. Mwaga ya zamani kwa nati ya chini, tia mpya kwenye tundu lililoandikwa OLIO mpaka ianze kumwagika kwenye tundu lile lile na vespa imesimama wima. Ile ya zamani uliyoimwaga inuse. Ikiwa inanuka petroli au imetoka kidogo sana na chini hakuna mvujo wowote, kaa nalo kichwani, ntalirudia.

Sasa tangi. Hapa kwetu na hewa hii ya chumvi tangi lililoachwa nusu tupu lazima lina kutu ndani, mulika kwa tochi ya simu utaona. Wapo wanaotia petroli mpya juu ya kutu, halafu wiki nzima wanalia kabureta inaziba. Litoe tangi zima, kazi yenyewe ni ya dakika kumi, mwaga uchafu, tia mnyororo wa baiskeli wa zamani na siki kiasi, ziba, utikise mpaka mikono iume, ulilaze na siki usiku mmoja na ulitikise tena. Suuza na maji, suuza na maji ya magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, likaushe juani hapo hapo na ulisuuze na petroli yenye oili mara moja, ukichelewa saa moja tu utaona linapata wekundu tena. Mnyororo usiusahau ndani, mimi nilishawahi. Koki nayo ina chujio lake linaloingia ndani ya tangi, lisafishe, na mpira wa petroli nunua mpya bila kufikiri mara mbili, ule wa zamani umeshakuwa kama biskuti.

Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kupumulia. Kitundu hiki kimewatoa watu wengi hela gereji. Kikiziba vespa inawaka vizuri, inakwenda kilomita mbili tatu, inazima kama imekatwa karenti, unasimama dakika kumi unahangaika nayo, inawaka tena, inazima tena. Ikikufanyia hivyo fungua kifuniko, ukisikia fyuu ya hewa ikiingia ujue ni hicho.

Kabureta iko ndani ya kiboksi juu ya injini, ni Dell'Orto ndogo, haina makeke. Toa chujio la hewa ulioshe kwa petroli. Pale mpira wa petroli unapoingia kuna kichujio kidogo cha waya chini ya kifuniko chake, hicho wengi hawajui kama kipo. Toa floti (boya dogo linalofunga petroli) na sindano yake, toa jeti, vile vijitundu vya kupitishia petroli, ile kubwa na ya silensa, yaani ya mzunguko wa pole pole bila resi, zipulize. Tundu la jeti ni dogo kama jicho la sisimizi, na mtu atakwambia pitisha sindano ya kushonea, usimsikilize, sindano inapanua tundu na ukishalipanua umeshabadilisha jeti. Mimi natumia mshipi wa kuvulia ule mwembamba, nailoni haikwaruzi shaba. Mulika jeti juani, ukiona duara safi basi. Skrubu ya mchanganyiko iliyo nyuma ikaze pole pole mpaka iguse, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu, hapo ni pa kuanzia, utaimalizia injini ikiwa ya moto.

Tukija kwenye karenti. Plagi yake ni fupi, B7HS ya NGK inakaa, nafasi yake milimita 0.6. Nunua mpya hata kama ya zamani inaonekana nzuri, ni hela ndogo na inakuondolea shaka moja. Ichomeke kwenye kichwa cha waya, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, maana tundu linatema mvuke wa petroli na cheche ziko hapo hapo, halafu piga kiki kivulini. Cheche ya buluu inayolia tik, vizuri. Ya njano dhaifu au hakuna kabisa, kabla hujafungua kitu chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Swichi zile za kwenye usukani zikipata maji ya masika na chumvi zinashika kutu ndani na kupeleka karenti yote kwenye bodi, kwa hiyo injini imezimwa muda wote na wewe unapiga kiki tu. Mie nilifungua flaiwili nzima, lile gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini, bure kwa ajili ya swichi.

Bado hakuna? Pointi. Flaiwili ina madirisha, izungushe mpaka uzione ndani. Zikikaa zinafanya ukungu mweusi, kata kipande cha msasa laini kabisa upitishe katikati mara mbili tatu, kisha karatasi safi yenye spiriti ili kuondoa unga. Zungusha mpaka zimefunguka mwisho wake, pima nafasi, inatakiwa iwe baina ya milimita 0.3 na 0.5, mimi naiweka 0.4. Huna kipimo cha fila, kadi ya biashara ya kawaida inakupeleka karibu mpaka uazime. Ila usiiweke kwa macho, maana ukibadilisha nafasi ya pointi unahamisha na taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Na kama pointi zinatoa cheche kubwa za njano zenyewe kwa zenyewe, au vespa inawaka baridi vizuri ikipata moto inazima na kugoma mpaka ipoe, shuku kondensa.

Spea zinapatikana, tena nyingi ni za Kihindi, kwa sababu Bajaj walikuwa wanaunda vespa kwa leseni ya Piaggio tangu miaka ya 60, baadae LML nao wakaingia. Hata hizi bajaji za magurudumu matatu za mwanzo zilikuwa na injini ya ukoo huo huo. Vitu vingi vinaingiliana lakini chukua cha zamani mkononi ukalinganishe dukani, usiende na picha ya simu.

Oili ya kuchanganya. Hizi injini tangu 1960 hivi, zile zenye mlango wa kuzunguka kwenye krenki, zinataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Za kabla ya hapo, za miaka ya 50, zinataka asilimia 5, usizichanganye. Kipimo changu ni chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, chupa moja kwa dumu la lita 5 ndiyo asilimia 2 kamili. Tumia oili iliyoandikwa 2T, siyo ile ya gari ya 20W-50, ile inaacha masizi na makaa juu ya pistoni. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndio utie kwenye tangi. Wapo wanaomimina oili kwenye tangi halafu petroli juu yake, oili inakaa chini inaingia yote kwa mpigo, moshi kama wanafukiza mbu, na baadae inabaki petroli tupu. Na kuna imani kwamba oili nyingi ndiyo salama. Injini mpya iliyofungwa ringi nitakubali asilimia 3 kwa matangi mawili matatu ya mwanzo. Zaidi ya hapo plagi inachafuka, ekzosi inaziba, na kingine watu hawakifikirii: kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo ukizidisha oili petroli inayopita kwenye jeti ile ile ni pungufu na injini inaungua kwa moto zaidi, siyo kwa ubaridi.

Haya, siku yenyewe. Itoe nje, ule moshi ndani ya chumba unaua mtu. Iweke nyutro, klachi usiiguse kwa sababu hizi ukivuta klachi kiki haifiki kwenye krenki. Fungua koki, kwenye za Kitaliano A ni wazi, C imefungwa, R ni akiba. Subiri dakika moja kabureta ijae. Vuta choki, acheta (mkono wa resi) usiishike kabisa, halafu piga kiki, siyo kwa hasira, bonyeza mpaka uhisi inakaza ndio uisukume moja kwa moja mpaka chini. Ya kwanza utasikia pfu. Ya pili pfu pfu. Ya nne ya tano inashika, inatoa moshi mweupe mzito, ni ile oili uliyoimwagia kwenye silinda, usiogope, robo saa unapungua. Ikishatulia nusu dakika irudishe choki. Ukiiacha choki imevutwa itazima imelowa plagi na utadhani imeharibika. Ikilowa funga koki, rudisha choki, fungua acheta yote, piga kiki kumi, au toa plagi uikaushe. Ikiwa ya moto choki haina kazi, kiki moja inatosha.

Ikipata moto rekebisha silensa. Skrubu ya juu inapandisha na kushusha mzunguko, ile ya nyuma tafuta pale injini inapozunguka kwa raha. Na hapa sikiliza sana: ukipiga resi ukaachia, mzunguko unashuka mara moja au unabaki juu na kushuka kwa kusitasita? Ukisitasita kuna hewa inaingia pasipo ruhusa, gasketi ya kabureta au sili ya krenki (mpira wa kuzuia mvujo) upande wa flaiwili, na hewa hiyo inapunguza petroli na oili kwa pamoja. Usiiendeshe hivyo. Ile oili ya gia niliyosema ntairudia ndiyo upande wa pili: moshi mweupe usioisha na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini, sili ya upande wa klachi imekufa na injini inainywa oili ya gia. Sili mbili hizi zikikaa miaka zinakauka na kukatika, ukiwa umeshafungua injini kwa sababu yoyote ziweke mpya zote, bei ya sili ni karanga ukilinganisha na fundi kufungua tena.

Barabarani. Kwa injini iliyolala au iliyochongwa, kilomita mia tano za mwanzo usiishikilie acheta wazi kwa muda, nenda, achia, nenda, achia, isitulie kwenye mwendo mmoja. Jambo la mteremko wengi hawalijui, hapa Unguja kwetu ni tambarare halituhusu sana, lakini ndugu zetu wa Pemba wenye vilima vile linawahusu khaswa: ukishuka mlima na gia imeingia na acheta umefunga, krenki inazunguka mbio lakini petroli haiingii na oili haiingii, injini inakwenda kavu. Vuta klachi ukishuka, au kila mara iguse acheta kidogo iipe mate. Na ukiwa unakwenda ukahisi imelegea ghafla nguvu, kama mtu ameishika nyuma, mlio umekuwa wa bati, vuta klachi SEKUNDE HIYO HIYO. Hiyo ni pistoni imevimba inataka kushika. Ukichelewa tairi la nyuma linakaza na wewe ndio unaruka mbele. Ukiwahi, isimamishe, ipoe nusu saa, mara nyingi inawaka tena na unatafuta sababu kwa utulivu.

Sababu yenyewe plagi itakwambia. Baada ya safari ya kilomita kumi zima, toa plagi uiangalie ncha. Rangi ya kahawa ya maziwa, mambo mazuri. Nyeusi na majimaji, oili nyingi au choki inabana au petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa, simamisha kila kitu, injini inakosa petroli au inavuta hewa, na hii ndiyo inayotoboa pistoni. Ikiwa vespa haina nguvu lakini plagi nzuri na kabureta nzuri, toa ekzosi uichungulie mdomo, hizi za miaka mingi zinaziba kwa makaa mpaka linabaki tundu la kupitisha kidole. Ichome kwa moto mkali na uigonge, utashangaa vitu vitakavyomwagika.

Kuilaza sasa. Kila unaposimama funga koki, sindano ya floti ikivuja usiku petroli inashuka mpaka kwenye krenki na asubuhi utapiga kiki mpaka adhuhuri. Ukijua itakaa wiki nzima au unasafiri, funga koki na uiache iwake mpaka ijizime, kabureta ibaki tupu, petroli ikikauka humo inaacha gundi.

Ami alikuwa na tabia, akifika kona ya msikiti akirudi nyumbani anainama anapeleka mkono chini ya siti huku vespa inakwenda, sisi watoto tukicheka tukisema anajikuna. Juzi nimejikuta nimeinama pale pale, kona ile ile, nafunga koki ili petroli iliyobaki kwenye kabureta inifikishe mlangoni, na watoto wa jirani wamekaa ukutani wanacheka.